Hedifoni nzuri utaijua kwa mwimbaji, besi isikuzuge

Kuna mchezo mmoja wa maduka ya vifaa vya simu pale Kariakoo. Ukiulizia hedifoni za kuchomeka masikioni, dogo wa dukani anakuchomekea za kujaribia kwenye simu yake, anaweka singeli, sauti anapandisha mpaka mwisho halafu anakukodolea macho aone kama utatikisa kichwa. Huku nyuma honi za bodaboda, duka la jirani lina spika inaita wateja, na wewe ndo unatakiwa useme hizi kali au sio kali. Kwa mazingira yale lazima uchague zinazopiga kelele zaidi, na dogo analijua hilo.

Ukija mtandaoni sasa unakutana na wataalamu, grafu kibao, wanakuambia kama sikio lako halijafundishwa huwezi kujua sauti nzuri. Hapo ndo nabishana nao. Mtu anayesikiliza mziki kwenye daladala au akiosha vyombo anaweza kabisa kuhukumu hedifoni, tena vizuri tu, ilimradi asizugwe na vitu viwili, ukubwa wa sauti na besi.

Ukubwa wa sauti ndo tapeli mkuu. Mziki ukiwa chini sikio la binadamu linaipunja besi, linaisikia hafifu kuliko sauti za katikati, hili watafiti Fletcher na Munson walishalipima Marekani tangu 1933, kwa hiyo ukiongeza sauti kidogo tu unaona mziki umejaa, umenoga, kumbe hedifoni ni ileile. Ndo maana ukilinganisha mbili na moja iko juu kidogo, hiyo ya juu inashinda hata kama ni takataka. Dawa yake rahisi, ile yenye kelele ishushe mpaka mwimbaji wa huku na wa kule wasikike sawa, ndo uanze kulinganisha.

Halafu raba, vile vifuniko laini vya ncha ya hedifoni vinavyoingia sikioni. Jamani raba! Watu wanafungua boksi, wanavaa zilizokuja zimechomekwa, zile ndogo na kubwa zinatupwa na mfuko wake, halafu wanalalamika hedifoni haina besi. Raba isipoziba tundu la sikio besi yote inavuja, hata uwe na hedifoni ya laki tano. Fanya hivi: mziki ukiwa unapiga, sukuma hedifoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikirudi ghafla basi tatizo ni raba, badilisha saizi kwanza kabla hujaitukana kampuni ya watu. Na usishangae sikio la kulia likitaka saizi ya kati la kushoto likataka ndogo, masikio hayalingani.

Ukishamaliza hayo sasa msikilize mwimbaji. Mimi kipimo changu ni taarab ya zamani ya Zanzibar na dansi la miaka ya 80, sio kwa sababu ni mziki wa wazee, ni kwa sababu vyombo ni vingi na sauti ya mtu iko mbele. Kwenye taarab nasikiliza ile ganuni, kila uzi ukiguswa unatakiwa usikie mguso wenyewe halafu mlio unafifia polepole, kwenye hedifoni mbovu unasikia kengele tu imechanganyika na fidla huelewi kipi ni kipi. Kwenye dansi nalishika gita la ridhimu, lile linalorudia rudia katikati ya solo na besi, nalifuata toka mwanzo. Tarumbeta zikiingia likipotea kabisa hapo najua kuna kitu kinafunika. Mara nyingi ni besi imepandishwa kusudi ili dukani ikushtue, na mwimbaji anabaki kama anaimba ndani ya blanketi. Upande wa pili kuna zile kali, kila neno lenye "s" au "ch" linachoma. Dakika ya kwanza unaona ziko safi, kila kitu kinang'aa, ukikaa nazo Mbezi mpaka Posta unatamani uzivue.

Maandishi ya kwenye boksi mimi siyasomi hata. Ile "20Hz hadi 20kHz" imeandikwa kwenye karibu kila boksi, za elfu tano na za laki tano, na inataja tu masafa, yaani kutoka sauti nzito kabisa mpaka nyembamba kabisa, ambayo sikio la binadamu husikia, tena ukishakuwa mtu mzima za juu kabisa zinaanza kukukimbia. Haisemi humo katikati kipi kimepandishwa na kipi kimeminywa, na hapo ndo sauti ilipo.

Bei nayo tusidanganyane. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alitoa vipimo vya hedifoni zaidi ya 280, hakuona uhusiano wa maana kati ya bei na namna zinavyotoa masafa ya sauti. Sisemi za bei ni wizi, hela yako inaweza kununua kuzuia kelele za nje, maiki nzuri ya kuongelea, betri, waya usiokatika mwezi wa pili. Ila mtu akikwambia za laki nne lazima zina sauti nzuri kuliko za elfu arobaini mwambie azilete, tuweke sauti sawa, tusikilize.

Faida nyingine ya raba kukaa vizuri ni kwamba kelele za daladala zinapungua, huhitaji kupandisha sauti kushindana na konda. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama mpaka saa 40 kwa wiki, ukifika 90 zinabaki saa nne tu. Nne kwa wiki nzima! Kuna watu wanazimaliza kwenye foleni ya Jumatatu.

Tatizo linabaki moja, duka nyingi ukishalipa hakuna kurudisha, na muda wa kukaa nazo usikilize kwa utulivu hupewi. Mimi huwa naazima kwa washkaji kabla sijanunua, nakaa nazo usiku kumetulia, nyimbo zangu mwenyewe. Ila ukiazima zifute zile raba kwanza, watu wana nta.