Sauti ya nani? Betty Noyes, Debbie Reynolds na deni la majina katika filamu za nyimbo

Katika Singin' in the Rain, filamu iliyotolewa na studio ya MGM ya Hollywood mwaka 1952, msichana anayeitwa Kathy Selden anaombwa amwazime sauti nyota mkubwa, Lina Lamont. Mwaka katika hadithi ni 1927 na filamu zimeanza kusema. Lina ana sura inayojaza kumbi, lakini sauti yake inakwaruza masikio. Basi Kathy anaimba, Lina anachezesha midomo. Mwishoni pazia linavutwa katikati ya wimbo, watazamaji wanamwona Kathy kwenye maikrofoni nyuma ya jukwaa, na ukumbi mzima unaambiwa sauti waliyoipenda ilikuwa ya nani.

Sasa, "Would You?", wimbo ambao Kathy anamwimbia Lina, haukuimbwa na Debbie Reynolds aliyeigiza kama Kathy. Uliimbwa na Betty Noyes, na jina lake halimo katika orodha ya waliotengeneza filamu. Tena, pale Kathy anaporekodi upya maneno ya mazungumzo ya Lina kwa sauti nzito, laini, iliyotulia, sauti hiyo ni ya Jean Hagen, yaani mwigizaji wa Lina mwenyewe. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa uigizaji wake tu. Hagen aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, mwigizaji pekee wa filamu hiyo aliyepata uteuzi, na watazamaji wengi hawakujua kwamba walikuwa wamemsikia mara mbili.

Je, MGM ilimdhulumu Noyes? Wanaoijua fani hii hawajakubaliana, na pande zote zina hoja za kusikilizwa. Ila hoja hizo hazipimiki mpaka mtu ajue wimbo wa filamu ulivyokuwa ukitengenezwa.

Filamu za sauti zilipoanza, okestra ilikaa kando ya seti na kupiga wakati kamera zinazunguka. Mcheza dansi mmoja akikosea, kila kitu kilirudiwa, muziki pamoja. Mwaka 1929, wakati wa kutengeneza The Broadway Melody, mkuu wa utayarishaji wa MGM, Irving Thalberg, hakuridhika na picha za wimbo mmoja, "The Wedding of the Painted Doll". Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti, akashauri irudiwe picha peke yake. Muziki ulikuwa mzuri na tayari umerekodiwa, basi upigwe kwenye vipaza sauti na wachezaji waufuate. Hapo ndipo utaratibu wa pleibeki ulipoota mizizi. Wimbo huo ulikuwa wa Arthur Freed na Nacio Herb Brown, wawili walewale ambao nyimbo zao zilijaza Singin' in the Rain, na Freed ndiye aliyeitayarisha filamu hiyo.

Kazi ilikwenda hivi. Wimbo hurekodiwa kwanza, katika studio tulivu na okestra kamili. Siku ya kupiga picha rekodi huchezwa kwa nguvu ndani ya seti, na mwigizaji huifuata kwa midomo. Kamera na mashine ya rekodi lazima ziende mwendo mmoja, fremu 24 kwa sekunde. Sauti ikitangulia au ikichelewa fremu mbili, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde, jicho makini huanza kushtuka. Panapofichua zaidi ni kwenye p, b na m, kwa sababu midomo lazima ikutane. Ikikutana baada ya sauti kupita, uongo umeonekana. Pumzi nayo husaliti: mabega yakipanda mahali ambapo mwimbaji wa rekodi hakuvuta hewa, kitu hakikai sawa hata kwa mtazamaji asiyeweza kusema ni nini. Noti za juu ndizo ngumu kuliko zote. Mwimbaji wa kweli hufungua taya na shingo yake hukaza, kwa hiyo mwigizaji anayechezesha midomo kwa upole wakati sauti inapaa huonekana kama anayesoma barua. Dawa ya jadi ni kumtaka aimbe kwa sauti kamili juu ya rekodi, hata kama sauti yake haitatumika.

Mpangilio wa "Would You?" unayaonyesha haya ndani ya wimbo mmoja: Kathy anarekodi, Lina anaifuata rekodi kwa midomo, kisha tunaona filamu iliyokamilika. Sijaona somo la pleibeki lililo wazi kuliko hilo.

Kuna njia ya pili, na ndiyo iliyoleta uchungu mwingi. Sauti ya kuazima inaweza kuingizwa baada ya picha kupigwa. Katika The King and I ya mwaka 1956, iliyofuata njia ya kwanza, mwimbaji Marni Nixon na mwigizaji aliyemwimbia, Deborah Kerr, walifanya kazi bega kwa bega kabla ya kamera kuwashwa. Nixon alijifunza lafudhi na mwenendo wa Kerr, Kerr akajifunza pumzi za Nixon, na katika wimbo mmoja walipokezana, Kerr akisema sentensi na Nixon akiichukua kwa kuimba. Mshono hauonekani. Katika West Side Story ya mwaka 1961 mambo yalikwenda kinyume. Natalie Wood, aliyeigiza kama Maria, alirekodi nyimbo zake, akapigwa picha akiifuata sauti yake mwenyewe, akiamini itatumika. Baadaye Nixon akaletwa aimbe upya juu ya midomo iliyokwisha kupigwa picha, pamoja na mahali ambapo midomo hiyo haikwenda sawasawa na okestra. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuimba wimbo wako mwenyewe jukwaani, na katika wimbo wa "Quintet" aliimba sehemu ya Maria na ya mhusika mwingine, Anita, pia.

Wanaoitetea studio huanza na hoja ya udanganyifu halali. Filamu yote ni kiini macho, wanasema. Ukuta ni mbao, mvua ni ya mabomba, anayeanguka kutoka farasini si nyota bali mtu wa kazi za hatari. Kwa nini sauti peke yake itangazwe? Ukimwambia mtazamaji kwamba huyu anayelia kwa mapenzi anaimbiwa na mwingine, umeuvunja moyo wa tukio.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama isingekuwa imejaribiwa. Carmen Jones ya mwaka 1954 ilitumia muziki wa Bizet, mtunzi wa opera ya Carmen, uliodai sauti za opera. Dorothy Dandridge na Harry Belafonte walikuwa waimbaji wote wawili, lakini si wa aina hiyo, hivyo Marilyn Horne akamwimbia Dandridge na LeVern Hutcherson akamwimbia Belafonte, na majina yao yakawekwa kwenye skrini. Dandridge akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, mwanamke mweusi wa kwanza kufika hapo. Miaka minne baadaye South Pacific ilimtaja Giorgio Tozzi kuwa sauti ya Rossano Brazzi. Lakini Juanita Hall, katika filamu hiyohiyo, aliimbiwa na Muriel Smith bila kutajwa. Kama kutaja kunaua tukio, Tozzi angeiua nusu ya filamu. Kilichoamua, nionavyo, kilikuwa hadhi: Tozzi alikuwa mwimbaji wa Metropolitan Opera, na jina lake liliuza.

Wapo watakaonijibu kwa Audrey Hepburn, aliyeigiza kama Eliza katika My Fair Lady, na jibu lao si jepesi. Filamu hiyo ya mwaka 1964 iliteuliwa katika vipengele 12 vya Oscar, na yeye hakupata hata kimoja, wakati habari kwamba Nixon ndiye aliyeimba sehemu kubwa ya nyimbo zake ilikuwa imeenea. Mwaka huo tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Julie Andrews, Eliza wa jukwaani ambaye studio ilimpita. Kwa hiyo ni kweli kwamba sauti ya kuazima inaweza kumgharimu mwigizaji. Tofauti kati yake na Dandridge ni kwamba moja ilitangazwa tangu mwanzo na nyingine ilivuja. Mtazamaji aliyeambiwa mapema anahukumu uigizaji. Anayegundua baadaye anajiona amelaghaiwa. Siri ndiyo iliyomuumiza Hepburn kuliko sauti ya Nixon.

Hoja ya pili ni ya mkataba: mwimbaji alijua masharti, akalipwa, akaenda zake. Hapa nina subira kidogo zaidi, kwa kuwa wengi walikubali kwa hiari na walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha. Lakini hiari ina mipaka yake. Nixon alisimulia kwamba kwa The King and I alilipwa dola 420, na kwamba studio ilimwonya kuwa akitoboa siri hatapata kazi tena. Kerr ndiye aliyewaambia waandishi wa habari, jambo linaloonyesha kwamba nyota mwenyewe hakuona aibu. Kisha kuna santuri. Albamu ya West Side Story ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 54, na hapo hakuna sura wala dansi, kuna sauti tu. Nixon alipodai mgawo, Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki huo, ndiye aliyemkatia robo ya asilimia moja kutoka kwenye mrabaha wake mwenyewe. Utetezi wa kiini macho, hata ungekuwa sahihi kwa filamu, hauna la kusema juu ya santuri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na wanaodai haki za waimbaji huipita haraka mno. Sauti nyingi za filamu ni mchanganyiko. Reynolds aliimba mwenyewe "Good Morning" na "All I Do Is Dream of You". Alikuwa na miaka 19, hana uzoefu wa dansi, na upigaji picha wa "Good Morning" uliendelea kwa takriban saa 15 hadi miguu ikatoka damu. Ukiandika "Sauti ya Kathy: Betty Noyes" umempora yeye. Hepburn anasikika mwenyewe katika sehemu za "Just You Wait". Katika Gentlemen Prefer Blondes ya mwaka 1953 Nixon alimsaidia Marilyn Monroe noti chache za juu tu. Zilizobaki ni za Monroe. Tatizo hili halijazeeka. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, ilichanganya sauti ya Mercury, ya Marc Martel na ya Rami Malek, na Malek akachukua Oscar.

Jibu langu ni kuacha kuambatanisha sauti na mhusika, na kuiambatanisha na wimbo. "Would You?": Betty Noyes. "Good Morning": Gene Kelly, Donald O'Connor, Debbie Reynolds. Anayetia noti mbili atajwe kwa noti mbili.

Kwamba hilo linawezekana bila kuua filamu, watazamaji wa pwani yetu wanajua. Kwa miaka mingi filamu za Kihindi zilijaza kumbi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na taarabu iliazima tuni zake. Waimbaji Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi walikuwa na majina makubwa kama ya waigizaji waliowaimbia. Hata India hakukuanza hivyo. Wimbo mashuhuri wa Mahal ya mwaka 1949 ulitoka kwenye santuri ukiwa na jina la mhusika, Kamini, mpaka wasikilizaji wakaandikia redio kuuliza mwimbaji ni nani, ndipo jina la Lata likatajwa. Baadaye Lata alikataa kuimba kwenye sherehe za Filmfare, tuzo za filamu za India, kwa sababu hakukuwa na tuzo ya waimbaji, na mwaka 1959 kipengele hicho kikaanzishwa. Wa kwanza kukipata alikuwa yeye.

Hollywood haikuwahi kuwa na kipengele cha namna hiyo. Noyes alikuwa amekwisha kuimba "Baby Mine" katika Dumbo ya mwaka 1941 bila kutajwa. Wimbo ukateuliwa kuwania Oscar, kwa majina ya watunzi. Orodha ya majina mwanzoni mwa Singin' in the Rain ni sehemu ya filamu yenyewe na haifai kuguswa. Lakini nakala zilizosafishwa hubeba tayari ukurasa wa mwisho wa waliofanya ukarabati, na huduma za muziki mtandaoni zina nafasi ya jina la mwimbaji kwa kila wimbo. Ukurasa huo una nafasi ya mistari minne zaidi: Noyes kwa "Would You?", Hagen kwa maneno ya Lina yanayorekodiwa upya na Kathy, Kathleen Freeman aliyemfundisha Lina matamshi ndani ya hadithi bila kutajwa, na Carol Haney aliyemsaidia Kelly kupanga dansi.