Msuli wa maabara lazima upewe cha kuvuta

Seli za misuli zilizotandazwa kwenye sahani bapa zinatudanganya. Zinaungana, zinarefuka, hata kurukaruka zinarukaruka, na picha zake hupendeza. Lakini baada ya wiki moja hivi, nyuzi zikishaanza kupata nguvu, hujikunja na kubanduka kwenye plastiki kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Tunazipoteza pale pale zinapoanza kuwa msuli, halafu dawa tunaijaribu kwenye zile changa zilizobaki.

Ndiyo maana natetea nguzo mbili za silikoni inayopinda. Katikati yake unamimina seli milioni 10 hadi 15 kwa kila mililita, zikiwa ndani ya fibrinojeni (protini ya damu inayoganda) na Matrigel (jeli ya protini ya kushikilia seli), na trombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, inagandisha yote. Kwa siku chache jeli hunywea, hukamata nguzo, na seli hujipanga zenyewe kufuata mvuto.

Kumimina ndiko kunakowashinda wengi. Matrigel huganda ikipata joto, kwa hiyo kila kitu kikae kwenye barafu, hata ncha za pipeti. Trombini iingie mwisho kabisa. Ukisitasita, mchanganyiko unagandia ndani ya pipeti. Ukiusukuma kwa pupa, unaingiza mapovu, na mahali penye povu ndipo msuli utakapokatikia. Kisha kuna adui wa polepole: seli zenyewe huimeng'enya fibrini, yaani ile fibrinojeni iliyokwisha kuganda. Asidi ya aminokaproiki, miligramu 1 hadi 2 kwa mililita, huzuia hilo, mradi usiisahau hata mara moja unapobadilisha maji ya kulishia. Ukiisahau, kitu kilichokuwa kamba kinageuka uzi.

Kosa jingine hutokea mapema zaidi, wala halionekani. Seli za C2C12, aina ya seli changa za msuli wa panya zinazokuzwa maabara, hazitakiwi kufunika zaidi ya asilimia 70 ya sahani kabla ya kugawanywa kwenye sahani mpya. Zikisongamana huanza kuungana, na iliyokwisha kuungana haizaliani tena. Anayezichelewesha kila mara anapalilia zile zinazokataa kuwa msuli, kisha analaumu seramu, yale majimaji ya damu ya mnyama yanayolisha seli! Kwa seli za binadamu tatizo ni fibroblasti, seli za tishu unganishi zisizogeuka msuli, ambazo huzaliana haraka na kuzizidi kwa wingi. Mwaga zote kwenye plastiki isiyopakwa kitu, subiri kama saa moja: fibroblasti hushika kwanza, zinazoelea ndizo unazozihamisha.

Jeli ikishanywea, seramu ya ndama ya asilimia 10 hadi 20 inaondolewa, inaingia ya farasi, asilimia 2. Njaa hiyo ndiyo inayozisukuma kuungana.

Wanaojisifia msuli mnene hawanivutii. Bila mishipa ya damu, oksijeni hupenya mikromita (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 200 tu. Ndani zaidi ni maiti.

Kipimo ninachokiamini ni kupinda kwa nguzo. Ukipiga umeme mara 1 kwa sekunde, msuli ulio hai hushtuka na kulegea. Ukipandisha hadi mara 20 au zaidi, mishtuko huungana kuwa mvuto mmoja na nguzo hubaki zimeinama. Pima hivyo kabla na baada ya dawa, kwenye msuli ule ule. Tena mapigo yawe mafupi, yakigeuza mwelekeo kila mara, maana umeme wa upande mmoja huzalisha mapovu kwenye elektrodi (ncha za kupitishia umeme) na kuvuruga kiwango cha asidi cha maji ya kulishia, na hapo utaihukumu dawa kwa kosa la waya.