Futi 2 za mchirizi

Kuna neno la Kiingereza nililisikia kazini nikarudi nalo nyumbani: eavesdropper. Ni mdukizi, mtu anayetega sikio kwenye mazungumzo ya watu. Nilipotafuta asili yake nikakuta mchirizi. Ndiyo, mchirizi huu huu wa maji ya mvua yanayodondoka ukingoni mwa paa. Hati moja ya Kent, Uingereza, ya mwaka 868 inataja desturi ya kuacha futi 2 kwa ajili ya maji hayo. Baadaye jina likamhamia mtu aliyejibanza hapo, sikio dirishani. Mwanasheria William Blackstone, mwaka 1769, alimweka pamoja na wanaowaudhi umma, kwa kuwa akitoka pale huenda kutunga fitina. Kosa hilo halikufutwa Uingereza hadi mwaka 1967.

Tangu hapo nawaza upenu wa kwetu Tanga. Mvua ikikatika, chini ya bati hubaki mstari wa vishimo mchangani, vimepangana kama vya bao, na ndoo tulizokingia maji zimejaa pomoni. Hapo ndipo alipopita jirani yetu kila alfajiri, na hakuna alichokosa kusikia. Tulimchukia kwa hilo. Lakini usiku ule mama alipobanwa na kifua, hakuna aliyekwenda kumwita. Alisikia kikohozi kimebadilika, akajifunga kanga akaja. "Hodi, jirani! Kifua cha leo si cha jana."

Hapa Leicester, Uingereza, ninakoishi, ukuta wangu na wa jirani ni mmoja, mwembamba, hata birika lake likichemka najua. Mwaka jana niliugua siku 5, nakohoa usiku kucha. Nilipopona tukakutana mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba alinisikia, ila hakutaka kuniingilia. Sikumlaumu, kwao hiyo ndiyo adabu. Na faragha yao nimeifaidi: miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kwa nini sijaoa.

Ila sisi tunaojenga nyumbani kwa fedha za huku, tunazungusha ukuta mrefu kuliko madirisha, na vipande vya chupa juu yake! Mle ndani tunamweka mzazi na msichana wa kazi. Akikohoa, nani atasikia? Mimi nimemwambia fundi ukuta huo sitaki. Aache futi 2 za mchirizi upande wa jirani, na dirisha la chumba cha mama lifungukie huko.