Kabla ya kebo kufika Mombasa

Juni 2009 TEAMS, kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari, iliwasili Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata kebo nyingine, SEACOM, ikaanza kazi, na 2010 ikaja ya tatu, EASSy. Tangu hapo wengi huanzia historia ya intaneti ya Pwani mwaka 2009, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Sikubaliani nao, ingawa hoja yao ina uzito.

Kabla ya kebo, mawasiliano ya intaneti kutoka Kenya kwenda ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali na jibu lake vilikula kama nusu sekunde angani tu, na megabiti moja ilikodiwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi. Mzigo huo ulimwangukia mteja wa saiba pale Moi Avenue, aliyelipia dakika huku ukurasa ukijikokota kufunguka. Kwa bei ile, mwanafunzi wa Kisauni asingefuata somo kwa video. Hapo kebo haina mpinzani.

Hata hivyo, tangu mapema miaka ya 1990 kulikuwa na watu Afrika waliopata barua pepe kwa simu ya kawaida. Nairobi, shirika la mazingira la ELCI liliendesha kituo cha FidoNet, mtandao wa kompyuta zinazopelekeana ujumbe kwa simu, kilichounganishwa na mtandao wa GreenNet wa London. Ujumbe uliandikwa bila laini kuwa wazi, ukakusanywa pamoja na mwingine, ukabanwa uchukue nafasi ndogo, kisha kompyuta zikapigiana simu na kubadilishana mafurushi. Barua ya herufi 2,000 ilipita katika modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ya biti 2,400 kwa sekunde chini ya sekunde kumi. Laini ikikatika, kompyuta ilipiga tena baadaye. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na Chuo Kikuu cha Zambia walitumia mbinu za aina hiyo, nao madaktari wa HealthNet, mtandao wa mawasiliano ya afya, walituma ujumbe kwa setilaiti ndogo iliyopita juu yao mara chache kwa siku. Mifumo hii ilijengwa na watu waliojua kuwa mvua itanyesha, radi itapiga, na chumvi ya pwani itakula waya wa shaba.

Tusiipambe kupita kiasi, maana iliwafaa wachache: watafiti, wahadhiri, mashirika. Aliyekuwa Mombasa akitaka kituo cha Nairobi alilipia simu ya masafa marefu. Wengine wote walikwenda Posta ya Digo Road na stempu.

Lipo pia jambo ambalo kebo haikuhusika nalo hata kidogo. Barua pepe kutoka Nyali kwenda Likoni, kama mtumaji na mpokeaji walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti, ilizunguka hadi Marekani au Ulaya ndipo irudi ng'ambo ya kivuko. Kituo cha KIXP cha Nairobi, ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data moja kwa moja, kilifunguliwa mwishoni mwa 2000 ili kuondoa mzunguko huo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti wa mawasiliano wa serikali akakifunga baada ya wiki chache. Kilirudi Februari 2002. Gharama ile yote ya kwenda na kurudi angani ilitokana na kanuni, na kanuni ndiyo iliyoiondoa, miaka saba kabla ya TEAMS.

Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, mtandao ukadorora Afrika Mashariki nzima. Mara nyingi jibu linalotolewa ni kebo zaidi. Naliunga mkono kwa malipo na kwa makontena ya Kilindini, kwa kuwa huko kusubiri ni hasara. Lakini rekodi ya mgonjwa au alama za mtihani zinaweza kuhifadhiwa hapo hapo na kutumwa laini ikirudi, na ni kosa kubwa kwamba zahanati inasimama kwa sababu ya waya uliokatika maelfu ya kilomita mbali. Kaunti inaponunua mfumo, sharti la kufanya kazi hata bila intaneti liandikwe kwenye zabuni, na mfumo ujaribiwe intaneti ikiwa imezimwa kabla ya kulipiwa.