Blanketi Lililonuka Chipsi

Kosa langu lilikuwa kwenye rangi. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, ninayeishi Nairobi, na kwetu bluu ni habari njema: mbingu bluu, bahari bluu, toka nyumbani uende zako. Sasa Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mwenzangu kazini akanirushia kwenye simu ramani ya utabiri wa wiki, ya kile kituo cha kanda kilichoko Ngong ambacho hutabiria nchi 11 za upande wetu huu wa Afrika. Kenya ya kati yote ilikuwa bluu. Maandishi ya pembeni yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, sikuhangaika nayo. Nikasema alhamdulillahi, mvua ya masika imetuchosha, kesho ni jua.

Jumamosi asubuhi nikalitosa blanketi langu kwenye karai.

Ni lazima nilieleze hilo blanketi. Nilinunua Gikomba, shilingi 1,200 baada ya kubishana hadi muuzaji akaniuliza kama nataka na nauli ya kurudia. Ni lile zito la manyoya lenye picha ya chui milia amekaa anakutazama. Likiwa kavu, uzito wake ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Likishashiba maji ni mtu mzima aliyezimia. Nilipanda nalo ngazi za ghorofa tano hadi kwenye paa, likinitiririkia suruali mpaka soksi. Nilipolitundika, kamba ikalegea, chui akashuka taratibu hadi masharubu yakagusa sakafu.

Mama Shiru wa mlango wa pili alikuwa huko juu anaanua nguo zake. Zikiwa mbichi, anaanua!

"Wewe Mombasa," akaniambia, "unafua blanketi leo? Gathano imeingia."

Gathano ndilo jina la Wakikuyu la msimu wa baridi. Nikamwambia, "Mama, gathano ni mwezi wa sita hadi wa nane. Tena mimi nimeona ramani."

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa aliyekataa dawa, akabeba beseni lake akashuka.

Jua halikutoka. Wala mvua haikunyesha, na hapo ndipo ugeni wangu ulipoonekana. Kwetu wingu likija hunyesha likaenda. Huku ni mita 1,700 hivi juu ya bahari. Miezi ya baridi, upepo wa kusini-mashariki hubeba hewa baridi yenye unyevu kutoka kusini, ambako wakati huo ni majira yao ya baridi. Hewa hiyo hupanda nyanda za juu, inageuka wingu la chini, la kijivu. Hilo si wingu la kupita. Ni wingu la kukaa, kama mgeni aliyekuja na sanduku. Mwaka ule mgeni alikuwa amewahi.

Usiku huo nililala nimevaa suruali mbili, kanzu juu yake, jaketi juu ya kanzu, na taulo shingoni. Saa nane za usiku nikashusha pazia la dirisha nikajifunika. Jumapili mamangu akapiga simu.

"Mwanangu, mbona sauti inatetemeka? Nani anakufukuza?"

Jumatatu kazini nikamlalamikia yule mwenzangu kuhusu ramani yake ya uongo. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Bluu ni baridi kuliko kawaida, ndugu yangu! Ulidhani wamekuchorea mbingu?"

Kufikia Jumanne chui alikuwa bado anachuruzika, na ameanza kunuka kama mbwa. Nilijaribu pasi, ikamaliza tokeni za stima kabla hatujafika kwenye sikio la pili. Jiko la makaa ndani ya nyumba nililikataa. Gesi yake haina harufu, na imeua watu wengi waliofunga madirisha wakalala. Heri nitetemeke nikiwa hai.

Jumatano nikamwendea jamaa wa chipsi pale nje ya geti. Ukuta wa nyuma wa kibanda chake ni mabati, na upande wa pili ndipo mafuta yanapochemka kuanzia saa tano hadi usiku. Tukalitundika hapo. Hakutaka pesa, ila alisema kwa sauti ya mtu anayejua jambo, "Litakauka. Lakini litakauka."

Saa tatu usiku nikalichukua. Kavu kabisa! Tena moto. Nililikumbatia pale barabarani bila aibu. Nilipofika getini, soja akainua pua akauliza kama leo nina sherehe. Kwenye ngazi mtoto mmoja akanifuata hadi ghorofa ya pili, kisha akauliza kwa adabu, "Anko, unauza ya ngapi?"

Nikajifunika. Joto lilikuwa tamu, lakini jamani, hebu jaribu kulala ndani ya pakiti ya chipsi. Saa saba nikaamka na njaa, nikala mkate mzima. Saa tisa nikasikia mlango unakwaruzwa. Nikafungua kidogo, kikaingia kitu cha manyoya bila hodi, kikapanda kitandani, kikaanza kumlamba chui usoni. Paka wa Mama Shiru. Nilitaka kumtoa, wallahi, lakini alipomaliza kulamba akajikunja juu ya miguu yangu, na miguu yangu ikapata joto kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Asubuhi nikakutana na Mama Shiru kwenye ngazi, kabeba bakuli la maziwa.

"Mombasa, hujamwona paka wangu?"

Nikaangalia lile wingu, nikaangalia bakuli.

"Labda ameenda kutafuta jua, mama," nikasema, nikawahi kuurudisha mlango kwa kisigino.