FDC zinawapokea walioachwa na shule, ila baada ya cheti wanaenda wapi?

Ikiongelewa habari ya mabinti waliokatisha shule watu wengi wanawaza vyuo vya ufundi vya VETA au madarasa ya mtaani ya QT, ule mtihani wa kujiendeleza nje ya shule, wanasahau kabisa kwamba hapa Tanzania tuna vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, hizi FDC, ambazo zipo tangu 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden. Na ziko huko huko wilayani kwenye watu: Tarime, Masasi, Ikwiriri, Sengerema, Urambo. Naziona ni moja ya vitu bora tulivyorithi, lakini tusidanganyane, kuna maswali magumu hapa.

Tuanze na uzuri wake. FDC haikuulizi sana umepitia wapi. Umeishia darasa la saba njoo, umefeli form foo njoo, una miaka 30 na hujashika daftari muda mrefu njoo tu, kuna kozi fupi na ndefu, ushonaji, upishi, uashi, umeme wa majumbani, ufundi magari, kilimo na mifugo. Halafu tukumbuke tulikotoka, Juni 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze alisema mwanafunzi akipata mimba basi, shule ya serikali harudi, na ikawa hivyo mpaka Novemba 2021 Waziri wa Elimu Ndalichako alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Katika miaka hiyo hiyo ndo shirika la Karibu Tanzania Organization, kwa hela za Mastercard Foundation, likaanza kupeleka programu ya Elimu Haina Mwisho kwenye hivi vyuo, yaani dada anasoma masomo ya sekondari, anajifunza ufundi na stadi za maisha, na mtoto wake anakuja naye.

Hapo kwenye mtoto ndo penyewe. Sisi tunapenda kuhesabu cherehani na madawati, lakini muulize singo maza yeyote wa kijijini nini kilimkwamisha, atakwambia alikosa wa kumwachia mtoto, bibi yuko shamba, mdogo wake yuko shule, na dada wa kazi atamlipa na nini? Kwenye chuo chenye kituo cha watoto mama anamkabidhi mwanae kwa mlezi asubuhi, anaingia karakana anakata kitambaa, wakati wa mapumziko anatoka kunyonyesha mara moja, anarudi kwenye cherehani yake kichwa kimetulia. Hakuna mtaala utakaofanya kazi ya huyo mlezi, hata uandikwe vizuri vipi.

Sasa upande wa pili. Kuna wanaosema njia hizi za pembeni zinawapa wakubwa kisingizio cha kumtoa binti kwenye shule ya kawaida, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ilipopitisha mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari zetu wanaharakati walipiga kelele sana juu ya hilo. Kelele zao zilikuwa za haki. Binti wa miaka 16 aliyekuwa anaongoza darasani na anataka udaktari huwezi kumwambia nenda kashone kisa amezaa. Ila hoja hiyo inamsahau mwenzake wa miaka 24 mwenye watoto wawili, ambaye hata ukimfungulia geti la sekondari ya kata hawezi tena kuvaa sketi ya shule akakaa na watoto wa form tuu. Kwa huyo FDC ndo shule yenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni baada ya mahafali. Mchukue binti aliyesoma umeme, ubao wa mazoezi kaufunga vizuri, mabomba yamenyooka, swichi zote zinawasha, anapewa cheti. Anarudi kwao hana tesita, hana plaizi, na akipata nyumba ya kufunga waya shirika la umeme, TANESCO, wanataka fomu iliyosainiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, kwa hiyo inabidi ajibanze chini ya fundi mwenye leseni ambaye ndiye anayeamua ampe shilingi ngapi. Wa ushonaji naye anaingia mtaa ambao kila kona kuna cherehani na mitumba inauzwa bei ya kutupa. Na mabinti wengi bado wanasukumwa huko huko kwenye ushonaji na upishi, wakati wenzao wa kiume wanajaza karakana za magari na kuchomelea.

Halafu kuna hela. Vyuo ni vya serikali, vilihamishiwa Wizara ya Elimu kutoka maendeleo ya jamii, sawa, lakini vile vitu vinavyomfanya mama abaki chuoni vimebebwa sana na mradi kama huo wa Elimu Haina Mwisho, na mradi wowote una tarehe ya kuisha. Mimi ningeanza na hapo, mlezi wa watoto aingie kwenye bajeti ya chuo kama alivyo mwalimu wa umeme, na aingie sasa, wafadhili wakiwa bado wapo. Na wahitimu watoke wakiwa tayari wameshaunda kikundi kilichosajiliwa, maana ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za wenye ulemavu, wanawake na vijana wanakopeshwa kwa vikundi, na binti aliyerudi kijijini peke yake na cheti chake hana kikundi cha kuingia nacho pale ofisini.