Hiyo si Makambako, ni Chimala
Mwandishi aliyechapisha picha ya stesheni ya reli iliyochakaa, ile isiyo na vioo na yenye majani mpaka jukwaani, anasema ni ya Makambako. Kwamba ni reli ya TAZARA sina ubishi, mataruma (zile nguzo zinazolazwa chini ya reli) ya zege yanaonekana wazi, si ya chuma kama tuliyozoea kuyaona Reli ya Kati. Lakini Makambako ni uwanda wa juu wenye baridi. Huko huoni mlima umesimama kama ukuta nyuma ya jengo. Kuzeni picha mtazame juu ya paa: ile mistari iliyopauka inayopanda kwa kujikunja ni barabara ya kwenda Matamba, ya kona 57, na sisi wa Usangu hatuwezi kuichanganya na nyingine. Hapo ni Chimala, wilaya ya Mbarali, Mbeya. Jambo hili si dogo, maana ukikosea jina hata anayetaka kudai ukarabati atadai mahali pasipohusika. Inaniuma sana, kwa kuwa mpunga wetu unakwenda Dar es Salaam kwa malori, foleni hadi mlima Kitonga, wakati reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976 inapita hapohapo mashambani. Jengo kama hilo lingefaa hata kuwa ghala la kupakilia mchele kwenye mabehewa. Wenzangu wa Igurusi na Inyala, stesheni zenu zina hali gani? Dirisha la tiketi bado linafunguliwa treni ya abiria inapopita?